Jibu la Kitabu au Jibu la Kweli?

Mwalimu wa Hisabati wa shuleni kwetu ana furaha ambayo hakuitolea jasho. Saba mara nane ilikuwa hamsini na sita enzi za Mjerumani, ikabaki hamsini na sita kwa Mwingereza, na mpaka leo hajatokea waziri wa kuipandisha. Hakuna mzazi aliyewahi kufika ofisini kulalamika kwamba pembetatu imemvunjia heshima. Mwenzangu yule huingia darasani, hufundisha, husahihisha, hupangusa vumbi la chaki mikononi na kwenda zake kunywa chai.

Mimi nafundisha Maarifa ya Jamii. Yaani nimekabidhiwa jamii, ambayo watu wazima wote wameshindwa kuielewa, niwaeleze watoto kabla kengele haijalia.

Nao wazazi wanaona kazi yangu ni lelemama. "Hilo somo si stori tu, mwalimu? Mtoto akisomasoma kidogo anafaulu." Mtu huyohuyo usiku yuko kijiweni anabishana mpaka mishipa ya shingo imesimama kuhusu nani alikuwa waziri mkuu wa kwanza, na mwisho ananipigia simu niamue wakati nimeshapanda kitandani. Nikisema ni Nyerere, aliyeushika uwaziri mkuu 1961 akauachia Januari 1962, kisha Kawawa akapokea, upande ulioshindwa unatangaza kwamba mwalimu amenunuliwa. Kwa soda. Mwenge nao ukikaribia wilayani, nyimbo za mapokezi ni zangu kuzitunga, kwa kuwa eti uzalendo uko kwenye somo langu. Sijasikia mwalimu wa Sayansi akiambiwa aitungie figo wimbo.

Tuko Morogoro, shule ya serikali, milima ya Uluguru ikituangalia kwa nyuma. Asubuhi nina Darasa la Tatu, mchana nina la Saba. Jioni barazani kwangu wanakuja wa sekondari: mpwa wangu, rafiki zake, na watoto wa majirani ambao nikiwakataa nitakosa wa kuniamkia mtaani. Kwa hiyo jua halijazama sawasawa nimeshapita kwa wenye miaka tisa, kumi na tatu na kumi na saba, na kila umri una namna yake ya kunitoa jasho kwa somo lilelile.

Nimesema somo ni lilelile. Jina ndilo halikai. Nilipokuwa mwanafunzi tulisoma Siasa, tukikariri viongozi wa chama kwa vyeo vyao na sare zao. Vyama vingi vikaja 1992, Siasa ikafungasha, ukaingia Uraia. Historia, Jiografia na Uraia yakaunganishwa yakaitwa Maarifa ya Jamii. Yakatenganishwa. Yakaunganishwa tena, safari hii Uraia ukahama kwenda kuishi na Maadili. Sasa umekuja mtaala mpya, ulioanza kutumika 2024, na wa la Tatu wanasoma Jiografia na Mazingira, pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili. Maadili, mtaona, yameachana na Uraia yakaolewa na Historia. Sitaki kujua kulikoni. Shida yangu ni kwamba la Saba bado wamo kwenye mtaala wa zamani, hivyo asubuhi naufundisha Mlima Kilimanjaro kwa jina moja na mchana naufundisha kwa jina jingine, kwa maandalio mawili ya somo na maazimio mawili ya kazi. Mlima wenyewe una mita zake 5,895 na hauna habari. Mthibiti ubora alipotutembelea alichukua faili langu, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Mwalimu, hili andalio ni la somo gani?" Nikamwambia inategemea ni saa ngapi.

Tuanze na wadogo. Darasa la Tatu wana tatizo moja: wanaamini kila unachowaambia. Ndiyo maana wanauliza.

Mada ilikuwa familia. Nikaandika ubaoni: familia ndogo ni baba, mama na watoto, familia pana inaongezeka babu, bibi, shangazi na wajomba. Kabla sijaweka nukta, mkono juu. "Mwalimu, mjomba aliyekuja kwetu Idi ya mwaka jana akalala kwenye kochi mpaka leo, ameshatufanya familia pana au bado tunamsubiri aondoke?" Mtoto huyo ni wa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mjomba namfahamu. Kochi nalifahamu. Jibu lolote nitakalotoa litafika nyumbani kwao kabla mimi sijafika kwangu. Nikasema, "Swali zuri," maneno ambayo mwalimu huyasema akiwa anatafuta mlango.

Nikakimbilia kwa mkuu wa kaya. Kitabu kilichopo kabatini ni cha siku nyingi na kina picha: baba kakaa kitini anasoma gazeti, wengine wote wana kazi. "Kwenu nani mkuu wa kaya?" nikauliza. "Bibi." "Kwa nini bibi?" "Rimoti anayo yeye." Mwingine akasema kwao ni mama, kwa sababu ndiye anayenunua luku, na baba akitaka kupiga pasi huomba kwanza. Wa tatu akasema kwao mkuu ni mwenye nyumba, maana akibisha hodi tarehe za mwisho wa mwezi wote hunyamaza, hata baba. Wataalamu wameandika vitabu vinene kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba, na hakuna aliyefika haraka hivyo. Lakini picha ni ya baba na gazeti lake, na mimi nalipwa na serikali.

Kisha kuna mti wa ukoo. Aliyependekeza kwamba mwanafunzi achore mti wa ukoo wake na kuuonyesha darasani hakuwahi kufundisha mtaani kwetu. Nikatoa kazi ya nyumbani, kesho yake madaftari yakarudi. Wawili wanaokaa dawati moja, mvulana na msichana, wanaoazimana ufutio tangu la Kwanza, wakafunua kwa wakati mmoja. Kileleni mwa kila mti palikuwa na baba. Jina lilelile. Kazi, dereva wa lori. Babu yuleyule, kijiji kilekile, hata ng'ombe aliyechorwa pembeni alikuwa na baka mahali palepale. Wale watoto wakatazamana. Mimi nikatazama dirishani. Ikanijia kwamba kuna mama wawili katika mji huu wanaoambiwa kila mara kuwa baba yuko kwenye foleni ya malori Tunduma, na kwamba foleni ile si ndefu kama inavyosemwa.

"Mwalimu, sisi ni ndugu!" Wakakumbatiana. Darasa zima likapiga makofi ya kilo. Walifurahi furaha safi kabisa, na saa sita kengele ilipolia walitoka mbio kupeleka habari njema majumbani. Nilimwonea wivu sana mwalimu wa Hisabati siku ile. Sitaeleza yaliyofuata, kikao cha ukoo si cha kuandikwa magazetini. Nitasema tu kwamba baada ya muda mzee mwenyewe alipita shuleni kunisalimia. Alikuwa mpole mno. Alivua kofia, akauliza habari za kazi, habari za mama watoto, halafu akainama akanong'ona, "Mwalimu, samahani, mada inayofuata ni ipi?" Nikamwambia hali ya hewa. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Hata hivyo mada ya uongozi wa mtaa haikuwa mbali. Niliuliza kazi za mwenyekiti wa mtaa, nikajibiwa: kugonga muhuri. Kazi nyingine? Kusema njoo kesho. Kumbe mjukuu wake alikuwa dawati la mbele. Mheshimiwa alifika ofisini amevaa koti la suti kwenye jua la saa saba, akataka aonyeshwe kitabu kilichoandika mambo hayo. Nikamfungulia ukurasa: kusimamia ulinzi na usalama, usafi wa mazingira, kusuluhisha migogoro, kuitisha mikutano na kuwasomea wananchi mapato na matumizi. Akausoma taratibu, akarudia tena kwa kidole. Kisha akaomba aupige picha kwa simu.

La Saba ni watu wengine kabisa. Hao wameacha kuamini, wanachagua. Mtihani wao wa Septemba una herufi A mpaka E, nao kazi yao kubwa ni kuweka kivuli kwenye kiduara, kwa hiyo habari yoyote isiyotanguliwa na herufi wanaipokea kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nikiwaeleza vita vya Majimaji vilivyoanza 1905, jinsi Kinjikitile alivyowaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwa yakiombana hata moto, wananitazama kwa huruma. Wanasubiri nimalize niseme ni ipi kati ya hizo tano.

Vifaa vyangu navyo havinisaidii. Ramani ya Tanzania tuliyo nayo ilichapwa kabla ya 2012. Njombe bado imelala Iringa, Katavi imo Rukwa, na Geita na Simiyu hazijazaliwa. Songwe, iliyokuja 2016, iko salama tumboni mwa Mbeya. Kuna mtoto ambaye baba yake anachimba dhahabu Geita. Alisimama mbele ya ramani ile muda mrefu, kisha akaniuliza kama baba alidanganya. Ramani ya Afrika ndiyo kikongwe zaidi. Ina Zaire, jina lililoachwa 1997, na Sudan yake ni nzima, haijagawanyika. Nimeirekebisha kwa vikaratasi na gundi. Tatizo ni kwamba gundi ya shule haikai, na Sudan Kusini hung'oka upepo ukivuma. Wa zamu wameshaifagia pamoja na vumbi, ikabidi niikate nyingine.

Nikiomba ramani mpya naambiwa mwalimu mbunifu hutumia mazingira. Nami nimeyatumia. Uluguru nimeifundishia milima, misitu, vyanzo vya maji, mvua na mmomonyoko wa udongo, mpaka baadhi yao wanaamini dunia ni Uluguru na barabara ya kwenda Dodoma. Reli nimeitumia pia, na hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Mada ya usafiri ina jedwali la faida na hasara, na upande wa hasara za treni pameandikwa: ni ya polepole. Nilipoandika hilo ubaoni darasa lilicheka. Treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024. Wameiona, wengine wameipanda, na kuna mmoja ambaye shangazi yake aliteremka Morogoro kabla kaka aliyetangulia kwa basi hajafika Chalinze. Nikajaribu kuwaambia habari za reli ya Mjerumani, iliyofika hapa 1907, kwamba hiyo ndiyo kitabu kinayoizungumzia. Hapo ndipo binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, ambaye hupita muhula bila kusikika, aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandike jibu la kitabu au jibu la kweli?"

Mtu hasomei ualimu ili aulizwe hilo mbele ya darasa. Nikasema, jibu la kweli, bila shaka. Akafikiri. "Na msahihishaji analijua?" Nikamkumbusha kwamba sehemu kubwa ya karatasi zao husahihishwa na mashine. "Mashine imeambiwa?" Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Ukurasa unaofuata ulikuwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nataka mnielewe: mimi si mpinzani wa jumuiya. Lakini niliwahi kuitungia wimbo. Rwanda na Burundi zilipojiunga 2007 nchi zikawa tano, vidole vya mkono mmoja, nikatunga ubeti wenye vina na mizani iliyotimia, na watoto waliuimba mpaka kwenye foleni ya uji. 2016 ikaingia Sudan Kusini. Nikabana bana, ikaingia. 2022 ikaja Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo jina lake peke yake linakula karibu mshororo mzima, na kina hakuna. Wimbo haujatulia, Somalia ikakamilisha uanachama Machi 2024. Nane sasa. Viongozi wetu wakikutana Arusha hujadili forodha na soko la pamoja. Hakuna hata mmoja anayeuliza habari za vina. La Saba wa sasa huimba nchi sita kwa sauti nzuri, halafu wanasimama na kuzisoma mbili zilizobaki kama matangazo ya vifo redioni.

Uraia, tunaambiwa, ufundishwe kwa vitendo, nami niliendesha uchaguzi wa viongozi wa darasa kwa wakubwa na wadogo. La Tatu niliwapa karatasi, kila mmoja aandike jina la anayemtaka. Kila mmoja aliandika jina lake. Nikawa na wagombea wengi sawasawa na wapiga kura, wote kwa kura moja moja, isipokuwa mtoto mmoja aliyempigia mama yake. Nikawaambia warudie, na ni marufuku kujiandika. Wakaniandika mimi.

La Saba walifanya uchaguzi wa kweli, maana ulikuwa na vurugu. Wagombea walikuwa wawili, nami nikaona niwape alama za zamani, jembe na nyumba, zilizotumika kwenye uchaguzi wa wabunge enzi za chama kimoja. Aliyepewa jembe akakataa katakata: nani atalipigia kura jembe wakati kila Ijumaa tunalima bustani ya shule? Nikambadilishia, mwenzake naye akalikataa. Tukaishia na nyumba mbili, moja ya bati na moja ya makuti, na mgombea wa makuti akadai ananyanyapaliwa.

Siku ya kampeni nikaingia nikakuta midomo ya darasa zima ni myekundu. Ubuyu. Pakiti zimezungushwa madawatini kuanzia asubuhi. Nikamwita mgombea wa bati mbele. "Unajua hii ni rushwa?" Akanijibu kwa heshima zote, mikono nyuma: "Hapana, mwalimu. Ni ukarimu tu. Hata mgeni akija kwetu hupewa kitu." Ilibidi nikae. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kusema karibu maneno hayohayo; wenyewe wakayaita takrima, na mpaka 2006 mgombea aliweza kuwakirimu wapiga kura wake mchana kweupe, hadi Mahakama Kuu ilipokitengua kifungu hicho. Mtoto huyu hakuwa amezaliwa. Nikamweleza kesi ile yote, hoja na hukumu, nikiamini hatimaye somo limepata mahali pa kutua. Alisikiliza kwa makini. Akauliza kama Mahakama Kuu ilitaja ubuyu.

Alishindwa, kwa taarifa yenu. Walikula ubuyu wake mpaka mbegu wakampa kura wa makuti. Nilipodadisi, wakasema ulikuwa mchachu.

Basi hao hao wakishafaulu huvuka barabara kwenda sekondari, na huko mambo niliyowafundisha kwa Kiswahili hugeuka Kiingereza. Binti aliyeweza kunieleza mmomonyoko wa udongo mpaka ukauona mto unavyokuwa mwekundu masika, miezi michache baadaye anakariri tafsiri yake neno kwa neno, na ukimuuliza swali la pili anakohoa. Angalau Historia ya Tanzania na Maadili wanaisoma kwa Kiswahili. Nyingine zote wananiletea barazani jioni niwatafsirie, na kijiko cha sukari kwenye chai wanaongeza wenyewe.

Wa sekondari hawaamini wala hawachagui. Wanahesabu. Wamekwisha kufundishwa kwamba kila jambo lililowahi kutokea duniani lilikuwa na utangulizi, sababu sita na hitimisho. Majimaji: sababu sita. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977: sababu sita. Biashara ya watumwa, mamilioni ya watu: athari sita. Nikiwapa sababu ya saba wanaiona uchokozi, nikiwapa nne wanadhani naficha mbili. Na swali lao ni moja, kwa mada zote, kwa karne zote: "Mwalimu, pointi ngapi?"

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea 1967, na kati ya mambo aliyoyataka ni mwanafunzi mwenye akili ya udadisi, anayejiuliza. Naye alijua anachosema, kwa sababu kabla ya siasa alikuwa mwalimu kama mimi, tena wa Historia, pale Pugu. Mwaka 1955 aliacha kufundisha akaenda kutafuta uhuru wa nchi. Watu husema ulikuwa uamuzi mgumu. Mimi nikikaa barazani na kundi langu nadhani alitaka kazi nyepesi.

Jioni moja tulikuwa na Karl Peters. Hii ni mada ya kwetu hasa, maana mwishoni mwa 1884 jamaa huyo alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba, na Msovero ya Chifu Mangungo, mmoja wa waliotia saini, iko mkoani humuhumu, upande wa Kilosa. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya kuyatambua makaratasi yale, na nchi ikawa imekwenda. Vijana wakamcheka Mangungo. Nchi hii imemcheka tangu hapo. Mkataba wowote ukiharibika, bungeni au kwenye harusi, lazima atajwe. "Mshamba," akasema mmoja. "Unasainije kitu hujakisoma?"

Nilingoja nafasi hiyo kwa muda mrefu. Nikawauliza nani ana simu yenye ile programu inayokugeuza sura ukawa paka. Mikono yote juu, mpwa wangu yote miwili. Wakati wa kuiweka ilileta masharti, marefu, yakiomba iruhusiwe kuona picha zenu, mahali mlipo, na majina yote yaliyomo kwenye simu. Nani aliyasoma? Akapita mbu, tukamsikia. Nikawaambia, Mangungo aliletewa karatasi ya Kijerumani, na mtu mwenye bunduki amesimama pale. Ninyi mmeletewa ya Kiswahili, mko peke yenu kitandani, mkabonyeza "Nakubali", mkatoa namba za ukoo mzima, babu na bibi wamo, ili muote masharubu ya paka. Mangungo ana la kujitetea. Ninyi mna lipi?

Wakanyamaza. Nikasema moyoni, leo nimefundisha. Nikajimiminia chai. Kijana wa mwisho wa mkeka akafunua kalamu.

"Mwalimu, hiyo ni pointi ya ngapi?"

Nilikuwa naweka kikombe chini nisije nikakirusha, ndipo nikasikia sauti nyembamba kutoka kwenye ngazi. Alikuwa yule wa la Tatu, mwenye mjomba wa kochi, amekuja kumsubiri dada yake. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anasikiliza.

"Mwalimu, yule Mzungu aliadhibiwa?"

Nikamwambia ndiyo, kidogo. Mwaka 1897 Wajerumani wenyewe walimfukuza kazi ya serikali kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro.

"Kwa hiyo walimrudishia Mangungo karatasi yake?"

"Hapana."

"Kwa nini hawakumrudishia? Si wameshajua ni mtu mbaya?"

Wa sekondari wakaguna. Dada yake akamwambia anyamaze, hilo haliji kwenye mtihani, na mpwa wangu akaangalia saa. Mimi chai ilikuwa imepoa, na swali lenyewe si la kujibiwa umesimama. Nikamwambia mtoto hilo tutalifikia atakapokuwa kidato cha tatu. Akatoa vidole akaanza kuhesabu: la Nne, la Tano, la Sita, la Saba... Dada yake akamkatiza kwamba kwa mtaala wao mpya hakuna la Saba, msingi wanamalizia la Sita. Akakunja kidole kimoja. Akahesabu upya. Kisha akanitazama kuanzia kandambili mpaka mvi, bila haraka, akasema, "Basi labda utakuwepo."